Kungoja na Kutawakali

Suala moja limekuwa likirudi darasani petu, ambalo kwa nje ni la madaktari na kwa ndani ni letu sote. Mtu ashikwapo na maumivu ya kifua usiku, akasema, "Nangojea asubuhi, ya Mungu mengi," je, huyo ametawakali au amepuuza? Na walio pamoja naye nyumbani, wakimwacha angoje kwa kumstahi, je, wametimiza adabu au wameiacha haki? Si suala la kuchezewa, kwani jawabu lake likikosewa halina marudio.

Tumelazimika kuliandika kwa sababu jamaa zetu wengi siku hizi hawako karibu yetu. Tangu lilipowekwa eneo la viwanda vya kuuza nje pale Athi River katika mwaka 1990, na viwanja vya Kitengela kukatwa katika ardhi iliyokuwa malisho ya Wamasai, vijana wa pwani nao wamekwenda huko kutafuta riziki pamoja na vijana wa kila upande wa Kenya. Wakaoa, wakajenga, wakafungua maduka. Walioondoka hapa wakiwa na miaka 20, leo wamepita 50. Mji wa Kitengela ulipohesabiwa mwaka 2019 ulikuwa na watu zaidi ya laki moja na nusu, na kusini yake, kwa njia ya Namanga, ukipita Isinya, ndiko Kajiado, makao makuu ya kaunti, karibu kilomita 80 kutoka Nairobi. Mtu aliye huko akiumwa na kifua hupiga simu Mombasa kumwuliza mama yake afanye nini; na jawabu la mama, likiwa ni tangawizi au likiwa ni hospitali, laweza kuwa ndilo hukumu.

Kwanza tuyajue maradhi yenyewe, kwani hukumu juu ya jambo ni tawi la kulijua. Moyo, ambao huwapelekea damu viungo vyote, nao una mishipa yake ya kuulisha. Katika kuta za mishipa hiyo mafuta hujijenga kwa miaka mingi bila ya mtu kuhisi, khasa kwa mvuta sigara, mwenye presha, mwenye sukari na mwenye kolesteroli nyingi. Siku moja utando wa mafuta yale hupasuka, damu ikaganda juu ya mpasuko kama igandavyo juu ya kidonda, na donge lile likaziba njia. Likiziba nusunusu, moyo hulalamika; likiziba kabisa, nyama ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule yaanza kufa baada ya nusu saa hivi, na baada ya saa sita sehemu yake kubwa huwa imekwisha. Nyama ya moyo ikifa hairudi, hubaki kovu. Madaktari huyakusanya maradhi haya chini ya jina moja, kwa kuwa mwanzoni hayapambanuki ila kwa kupimwa. Nasi tutayaita mshtuko wa moyo, ijapokuwa jina hilo kwa ukali wake ni la yale yaliyokwisha kuua nyama ya moyo.

Dalili iliyo mashuhuri ni kifua kubanwa, kana kwamba mtu amekukalia, maumivu yakapanda shingoni au taya, au yakashuka mkono, mara nyingi wa kushoto, pamoja na jasho baridi na kutaka kutapika. Lakini wako wengi ambao hayawajii hivyo. Wanawake, wazee, na watu wa sukari huweza kupata pumzi fupi tu, au kichefuchefu, au uchovu wa ghafula usio na maana, au maumivu ya mgongo na ya chembe ya moyo, yale ambayo sisi huyaita gesi. Hapa ndipo msiba unapojificha: maradhi yenye kuua yamevaa nguo ya maradhi ya kila siku.

Tuchukue mfano, ambao si wa mtu maalumu. Mtu ana duka Kitengela. Ana miaka 52, ana presha, na sigara hajaiacha. Saa tatu za usiku, baada ya chakula, kifua chambana na jasho lamtoka. Mkewe asema, "Bwana, twende hospitali." Yeye asema ni gesi, ni ule muhogo wa nazi. Aletewa tangawizi, anywa. Maumivu yapungua kidogo, kisha yarudi. Saa saba za usiku ampigia simu ndugu yake Mombasa, naye amwambia, "Soma Ayatul Kursi, ulale upande wa kulia, asubuhi tutajua." Alfajiri yu hai, amechoka, aona haya kuwasumbua majirani. Saa mbili aenda duka la dawa, apewa dawa ya alsa. Hospitali afika saa saba za mchana. Hizo ni saa 16.

Twawaomba wasomaji wamtazame kila mmoja katika mfano huu. Mume hakutaka kuwaudhi watu. Mke alimtii mumewe. Ndugu alimwelekeza kwenye dhikri, nayo ni kheri. Muuza dawa aliuza alichoulizwa. Hakuna aliyesema uongo, hakuna aliyedhulumu, na wote ni watu wema. Na pamoja na hayo, baina yao zimepotea saa 16 ambazo hazikuwa zao kuzipoteza. Ndiyo maana twasema kwamba suala hili ni la maadili kabla ya kuwa la dawa: wema wa mtu mmoja mmoja ulijumlishwa, na jumla yake ikawa si wema.

Wako watakaosema: lakini kujitibu si faradhi. Na kweli, sisi tuliosoma vitabu vya Shafi vilivyosomeshwa pwani hii tangu zama za babu zetu twajua ya kwamba kujitibu kumehesabiwa kuwa ni sunna, wala anayekuacha hapati dhambi. Neno hilo ni sahihi, nalo ndilo linalotumiwa na wenye kungoja. Lakini neno la fakihi huchukuliwa pamoja na sababu yake. Kwa nini wamesema si wajibu? Wamesema hivyo kwa kuwa dawa za zama zao faida yake haikuwa na uhakika: huyu alikunywa akapona, na yule alikunywa akafa, na wa tatu hakunywa akapona. Na ushahidi kuwa sababu ndiyo hiyo ni kwamba mafakihi hao hao walipofika katika jambo ambalo faida yake ni ya hakika, waligeuka. Wamesema: mtu aliyesakamwa na tonge kooni, asipate kitu cha kuliteremshia ila pombe, imemlazimu alishushe kwa pombe hiyo. Si kwamba ameruhusiwa tu, imemlazimu. Chenye kuharamishwa kwa ukali wote ule kimekuwa wajibu kwa ajili ya tonge moja, kwa sababu kuokoka kwake ni wazi na kufa kwake ni wazi.

Basi na tulitazame lile donge la damu lililo katika mshipa wa moyo. Je, si tonge lililosakama? Babu zetu hawakulijua, na lau wangelijua hawakuwa na cha kuliteremshia. Wao hawana lawama. Suala ni sisi.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, katika mlango wa tawakali wa kitabu chake cha Ihyaa, amezigawa sababu za kuondoa madhara kwa daraja tatu. Iko sababu ya yakini, kama mkate kwa mwenye njaa na maji kwa mwenye kiu. Kuiacha hiyo wakati wa kuhofia kufa hakukuitwa tawakali hata kidogo. Iko sababu ya dhana yenye nguvu, nayo ndiyo alikoziweka dawa za matabibu. Kuitumia hakupingani na tawakali. Na iko sababu ya wahamu, ambayo kuiacha ndiyo hali ya wenye kutawakali. Mgawanyo huu twauona ni mizani nzuri, na uzuri wake ni kwamba haukufunga kitu gani kiwe daraja gani mpaka siku ya kiama. Kitu chaweza kupanda daraja kwa elimu ya watu kuongezeka.

Na aspirini imepanda. Mwaka 1988 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali 417 za nchi 16, juu ya wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo. Baadhi yao walipewa aspirini, baadhi walipewa streptokinesi, dawa ya mshipa yenye kuyeyusha donge la damu, baadhi wakapewa zote mbili, na baadhi wasipewe hata moja. Katika muda wa wiki tano, waliokosa zote mbili walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kiasi cha watu 13 katika kila 100. Waliopewa zote mbili walikufa watu 8. Na kidonge cha aspirini bei yake haifiki bei ya sigara chache.

Msomaji mkali atatuambia: kuokoka kwa watu watano katika 100 si yakini, tonge la kooni likishuka, limeshuka. Amesema kweli, wala hatutaki kuficha kwamba tofauti ipo. Lakini sharia yetu haikujengwa juu ya yakini peke yake. Msafiri aliye nyikani huelekea kibla kwa dhana yake kubwa, na sala yake ni sahihi. Kadhi huhukumu kwa mashahidi wawili, na wawili waweza kukosea. Mwenye kusema kuwa hatajishughulisha na uhai wake mpaka apate yakini, amejiwekea sharti ambalo hajiwekei katika sala yake, wala katika duka lake. Na maulamaa wa zama zetu wamelitambua jambo hili: baraza la fikihi la nchi za Kiislamu lenye makao yake Jidda, katika kikao chake cha mwaka 1992, limeamua ya kwamba kujitibu huwa wajibu pindi kukuacha kunapopelekea kuangamia kwa nafsi, au kiungo, au kulemaa. Sisi si watu wa kutoa fatwa, bali twaonyesha tu mlango ulioko wazi.

Ama lile neno la kadari, jawabu lake lilikwisha tolewa zamani. Katika zama za tauni ya Amwas, Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akienda Sham, alipofika Sargh akaambiwa maradhi yameingia, akawataka watu shauri, kisha akaazimia kurejea. Abu Ubayda (R.A.) akamwuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kuwa anaiondoka kadari moja kuiendea kadari nyingine. Kisa hiki hutajwa sana. Lililo dogo kutajwa ni kwamba Umar alikata shauri lake kabla ya kufikiwa na Hadithi ya tauni, aliyokuja nayo Abdurrahman bin Auf baadaye. Yaani alitenda kwa dhana yake iliyo bora, saa ile ile, huku watu wakikhitalifiana mbele yake. Hakungoja.

Na iko riwaya nyingine iliyo karibu zaidi na maudhui yetu, iliyomo katika Sunan ya Abu Daud. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) aliumwa, Mtume (S.A.W.) akamzuru, akaweka mkono juu ya kifua chake, akamwambia kuwa maradhi yake ni ya moyo, na akamwelekeza kwa al-Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif, pamoja na kumtajia tende za ajwa. Baadhi ya wanavyuoni wameidhoofisha sanadi yake, kwa hivyo hatuijengei hukumu peke yake. Ila wale wapendao kuitaja kwa ajili ya zile tende, na waisome yote: mkono ulio na baraka kuliko mikono yote ulikuwa juu ya kifua kile, na bado mgonjwa alipelekwa kwa tabibu. Basi kama ni kusomewa, na asomewe, lakini asomewe ndani ya gari, gari likiwa njiani.

Sasa tuje kwa yale yapasayo kutendwa. Mtu aliyebanwa na kifua kwa muda upitao dakika kumi na tano hivi, au aliye na dalili tulizozitaja, khasa akiwa na sukari au presha, atafute gari hapo hapo. Asijiendeshe mwenyewe, wala asipande nyuma ya bodaboda iwapo kuna njia nyingine. Akipata aspirini ya miligramu 300, na hana mzio nayo wala hatoki damu, aitafune, asiimeze nzima, ili iingie upesi. Kisha aende penye hospitali ya kumpima. Duka la dawa si mahali pa kuanzia.

Afikapo, haki yake ya kwanza ni kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandikwa nyaya kifuani na miguuni, madaktari hukiita ECG. Ada nzuri ni kifanywe ndani ya dakika kumi tangu aingie mlangoni, kabla ya maswali ya kadi na malipo. Kipimo hiki huonyesha mara nyingine mshipa uliozibwa kabisa, na hapo hapangojewi kitu. Mara nyingine hutoka kisafi, na hapa watu hudanganyika. Karatasi safi ya saa ya kwanza si cheti cha uzima. Kipimo hurudiwa, na damu hupimwa troponini, kitu kimwagikacho kutoka katika nyama ya moyo iliyoumia, ambacho huchukua saa kadhaa kupanda, kwa hivyo nacho hupimwa tena. Anayeambiwa abakie apimwe mara ya pili, akaondoka kwa kuwa maumivu yametulia, amekwenda na shaka yake mfukoni. Na daktari naye ana ya kujihadhari: uko mpasuko wa mshipa mkuu wa damu ambao huumiza kifua na mgongo vivyo hivyo, na dawa ya kuyeyusha damu kwa huyo ni sumu.

Hapa twafika penye suala ambalo kwetu ni zito kuliko yote, nalo ni la huyo daktari. Tiba iliyo bora kwa mshipa uliozibwa kabisa ni kuingizwa mrija mwembamba kutoka mkononi au pajani mpaka moyoni, mshipa ukazibuliwa na kuwekwa kijibomba kiitwacho stenti. Vyumba vya kazi hiyo viko Nairobi, kama katika hospitali ya Kenyatta na ya Aga Khan. Tiba hii huishinda ile ya dawa iwapo itawahi, na kuwahi kwake kumepimwa kwa saa mbili hivi tangu maradhi yajulikane. Dawa ya kuyeyusha, streptokinesi au tenekteplesi, yaweza kutiwa mshipani popote penye daktari, kipimo na dawa yenyewe. Faida yake ni kubwa katika saa mbili tatu za mwanzo, hupungua kila saa, na baada ya saa 12 hawaitoi kwa desturi. Nayo ina hatari yake: karibu mtu mmoja katika 100, au pungufu, hutokwa na damu ubongoni.

Basi mweke daktari kijana wa zamu Kajiado, saa nane za usiku. Mgonjwa yuko mbele yake, karatasi yasema mshipa umezibwa. Aipitia njia kichwani mwake: Isinya, Kitengela, kisha Athi River ambako njia ya Namanga yaingia katika barabara ya Mombasa pamoja na malori yote ya bandarini, kisha Mlolongo. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 imefupisha kutoka Mlolongo kuingia jijini, lakini haikufupisha yaliyo kabla yake, wala haikufupisha kulisaka gari la wagonjwa, na kumpata daktari wa upande wa pili, na kukifungua chumba. Akimpeleka bila ya dawa, mgonjwa akafa njiani, hakuna atakayemlaumu. Watasema siku yake ilifika. Akimpa dawa, na akawa ndiye yule mmoja wa damu ya ubongo, watasema daktari amemwua. Je, atende lipi?

Sisi twaona kwamba akihesabu kwa ukweli akaona Nairobi haifikiwi ndani ya muda, na hakuna kizuizi kwa mgonjwa, basi ampe dawa pale alipo, kisha ampeleke akiwa amekwisha kuipata. Wala si kwa sababu yeye hana hofu. Ni kwa sababu kuacha nako ni kitendo. Mwenye kuacha amechagua, na amechagua lenye hasara kubwa zaidi kwa mgonjwa na ndogo zaidi kwa jina lake mwenyewe. Tabibu mjuzi aliyefuata njia ya fani yake na akaruhusiwa na mgonjwa, mafakihi hawamtozi dhamana ya kilichotokea bila ya uzembe. Wanayemtoza ni mjinga aliyejitia utabibu. Hukumu hii ni ya zamani na ni ya kiungwana, na jamaa za wagonjwa wapaswa kuijua, kwani hofu ya daktari hulishwa na vidole vyetu. Tukitaka awe na moyo wa kututibu saa nane za usiku, tusimgeuzie kila msiba kuwa jinai.

Juu ya malipo hatutasema mengi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 43, imekataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na mshtuko wa moyo usipokuwa dharura hatujui dharura ni nini. Anayedaiwa amana ya fedha kabla ya kipimo cha dakika tano na atamke kifungu hicho kwa sauti ya adabu lakini isikike. Na aliye na uwezo wa kujiandikisha katika bima mpya ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoishika nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, afanye hivyo angali mzima, kwa kuwa karani wa bima halali hospitalini.

Wako wanaotuambia kuwa haya ni maradhi ya Wazungu na Wahindi. Neno hilo lilikuwa na asili. Mwaka 1959, Shaper na Jones waliandika kutoka Kampala ya kwamba maradhi haya kwa Waafrika wa Uganda yalikuwa kama hayapo, hali ya kuwa kwa Wahindi wa huko yalikuwa mengi. Na wenyeji wa Kajiado wenyewe, Wamasai, walishughulisha wataalamu kwa kuwa wala nyama na maziwa na mioyo yao mizima. Lakini George Mann alipotangaza mwaka 1972 matokeo ya kuichunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokufa, alikuta mafuta yamo katika mishipa yao kama ya wazee wa Marekani. Kilichowatofautisha ni kwamba mishipa yao ilikuwa imepanuka kadiri ya umri, na damu ikapata pa kupita, naye aliona sababu yake ni siha ya mwendo wao wa kutwa nyuma ya ng'ombe. Sasa mtazame mjukuu wa mchungaji huyo aliyeuza shamba akanunua gari, na umtazame mtoto wa Lamu aliyekaa nyuma ya kaunta Kitengela miaka 30. Wote wawili hawatembei. Ule ukingo wa mwendo hawanao tena, na kabila halizibui mshipa.

Limebaki jambo la wanawake, ambalo si la kupitwa. Mwanamke akibanwa na kifua, mara nyingi husema ni uchovu wa kazi, nasi huridhika kuamini hivyo. Hungojea mume arudi ampe ruhusa, au ampe nauli. Twasema wazi: katika hofu ya kufa hapana ruhusa ya kungojewa, na mume mwenye akili humwambia mkewe neno hilo leo, kabla ya haja, na huacha nauli mahali panapojulikana. Vilevile mke wa yule mwenye duka, anayeambiwa "niache, ni gesi," utiifu wake hauingii hapa. Agonge kwa jirani mwenye gari, aseme, "Shemeji, mume wangu anaumwa na kifua, nisaidie kumchukua." Mgonjwa akikasirika, na akasirikie hospitalini.

Na aliyeokoka ana yake. Atapewa vidonge: aspirini ya maisha, ya pili ya kuzuia damu kuganda ambayo mara nyingi hunywewa kwa muda wa mwaka, statini ya kolesteroli, na vya presha na vya kuupunguzia moyo kazi. Baada ya miezi miwili atajiona mzima, na dawa zitakuwa ghali, na Ramadhani itakaribia. Aliyewekewa stenti akaikata mapema ile dawa ya pili kwa shauri lake mwenyewe, donge laweza kurudi pale pale palipozibuliwa. Kufunga kwake aulize kwa daktari wake kabla ya mwezi kuandama, wala asione unyonge akiambiwa aache, kwa kuwa ruhusa ya mgonjwa haikuteremshwa kwa ajili ya wengine. Na asiyemudu kununua dawa hizo, akiwa ni katika mafukara na masikini, yumo katika wenye haki ya zaka. Wanaoigawa Kitengela na Kajiado na wamwulize kila mwezi amebakiwa na vidonge vingapi.